Kabla ya Kutoa Fedha Yako: Nasaha kwa Mnunuzi wa Kompyuta wa Karagwe na Kyerwa

Katika mambo ambayo mnunuzi wa zama zetu huyapuuza, na ambayo baadaye humtoza gharama isiyokuwamo katika hesabu yake, moja kubwa ni kuuliza kama chombo anachokinunua kitakubali kuongezwa nguvu na kutengenezwa na fundi yeyote mwenye ujuzi, au kimefungwa kwa makusudi ili kisiguswe ila na mkono wa kiwanda kilichokiunda. Swali hili halikuwa na uzito miaka ishirini iliyopita, kwa kuwa kompyuta nyingi zilifunguka kwa bisibisi moja, zikapokea kumbukumbu mpya ya RAM, diski kubwa zaidi na betri nyingine, pasipo kujali vipuri hivyo vimetoka kwa nani. Leo hali imegeuka. Mwalimu wa Nyaishozi, karani wa chama cha msingi cha wakulima wa kahawa huko Mabira, au mwenye steshenari ya kuchapa na kutoa nakala pale Omurushaka, aghalabu hununua kompyuta mpakato akitumaini kwamba itakapoanza kuchoka ataiongezea uwezo kidogo kidogo kwa kadiri ya pato lake. Na siku anapoipeleka kwa fundi ndipo anapoambiwa kwamba RAM yake imegandishwa juu ya bodi, betri yake haikubali mbadala, na dawa iliyobaki ni kununua nyingine.

Makala haya yanakusudia kumkinga mnunuzi huyo na hasara kabla haijamfika. Rai yangu ni moja, nayo naitanguliza ili msomaji aipime kwa yote yatakayofuata: kwa mtu akaaye karibu na fundi na mbali na kiwanda, kompyuta isiyofunguka ni ghali kuliko bei iliyobandikwa juu yake, na ile inayofunguka ni nafuu kuliko bei yake, kwa hiyo uwezo wa kufunguliwa na kuongezwa hauna budi kutiwa katika hesabu ya ununuzi, sawasawa na kasi ya kazi na upana wa kioo.

Haikuwa lazima mambo yafike hapa, na historia ya kompyuta yenyewe ndiyo shahidi. Mwaka 1981 kampuni ya IBM ya Marekani ilipotoa kompyuta yake ya kutumiwa na mtu mmoja, iliweka ndani yake nafasi za kuchomekea kadi za ziada, na ikachapisha kitabu kilichoonyesha michoro ya umeme wake, hata kampuni nyingine zikaweza kuunda kadi, kumbukumbu, na hatimaye kompyuta nzima zilizoafikiana na ile ya kwanza. Kwa sababu ya uwazi huo washindani walizidi, bei zikashuka, na vyombo vilivyokuwa vya matajiri vikafika hata kwa watu wa kipato cha kawaida. Kompyuta za mezani tunazoziona katika ofisi na shule zetu za sekondari, zenye kufunguka ubavuni na kupokea kipuri cha kampuni yoyote, ni matunda ya uamuzi ule. Lakini ilikuwako njia ya pili tangu mapema: Macintosh ya Apple ya mwaka 1984 ilitoka ikiwa imefungwa, kumbukumbu yake imelehemiwa, na mwenye nayo hakutarajiwa kuifungua. Njia hiyo ilirudi kwa nguvu katika kompyuta mpakato. MacBook Air ya 2008 ilikuja na RAM iliyolehemiwa. MacBook Pro yenye kioo cha Retina ya 2012 ikafuata, betri yake ikiwa imegundishwa pia. Na tangu mwaka 2020 Apple huiweka kumbukumbu pamoja na kichakataji katika kifurushi kimoja kisichotenganishika. Kampuni nyingine nyingi ziliuona mtindo huo ukikubaliwa na wanunuzi, nazo zikauiga.

Mnunuzi anayetaka kujihadhari sharti ayajue makufuli yenyewe, kwa maana yako ya namna mbalimbali na hayafunguliwi kwa ufunguo mmoja.

Kufuli la kwanza ni lehemu. Vipande vya RAM, na katika baadhi ya kompyuta hata hifadhi ya kudumu, havichomekwi tena katika kitako chake, bali hushikizwa juu ya bodi kwa bati lililoyeyushwa. Watu wa Kyerwa hawahitaji kuelezwa bati ni nini, kwani vilima vyao vimechimbwa madini hayo tangu zama za ukoloni, na hata leo wako wachimbaji wadogo wanaopata riziki kwayo. Nayo lehemu ya viwandani, tangu Umoja wa Ulaya ulipozuia matumizi ya risasi katika vyombo vya umeme mwaka 2006, aghalabu ni bati kwa zaidi ya sehemu tisini katika mia. Madini ya namna ile ile yachimbwayo Kyerwa ndiyo yanayoishikilia RAM ya GB 4 juu ya bodi, hata kijana wa Nkwenda asiweze kuifanya GB 8. Kuibandua kwahitaji mashine ya hewa ya moto, mkono uliozoea na vipande halisi vya kubadilishia. Fundi stadi aweza kuifanya kazi hiyo, walakini hatari ya kuiua bodi nzima ni kubwa, na mara nyingi gharama yake haikubaliani na hesabu ya mwenye mali.

Kufuli la pili halionekani kwa macho, kwa kuwa limo ndani ya programu ndogo inayoiamsha kompyuta kabla ya Windows kuanza. Kwa miaka mingi kompyuta za ThinkPad za Lenovo na kadhaa za HP zilibeba orodha ya kadi za Wi-Fi zilizoruhusiwa. Mtu akichomeka kadi nyingine, ijapokuwa ni nzima na inaingia barabara katika kitako, kompyuta ilitoa maandishi ya kuikataa, nayo isiendelee kuwaka mpaka kadi hiyo itolewe. Tangu matoleo ya mwaka 2012, ThinkPad nyingi huikagua betri pia, na betri isiyotambuliwa haichajiwi. Dell nao waliweka katikati ya pini ya chaja zao kisindano chembamba kinachoitambulisha chaja kwa kompyuta. Utambulisho ukikosekana, ama kwa sababu chaja ni ya kampuni nyingine au kwa sababu kisindano kimepinda, kompyuta huwaka lakini betri yaweza kukataa kujaa na kasi ya kazi ikapunguzwa. Mtu asiyelijua hili huitupa betri nzima au huilaumu kazi ya fundi, ilhali kosa si la fundi wala la betri.

Kufuli la tatu ni gundi na skrubu za pekee. Mwaka 2009 Apple walianza kutumia skrubu zenye kichwa cha pembe tano, ambazo bisibisi yake haikuwamo katika mfuko wa fundi wa kawaida. Bisibisi hizo sasa zapatikana, lakini gundi imebaki kuwa taabu; kishikwambi, kama vile walivyokabidhiwa walimu wetu baada ya Sensa ya mwaka 2022, kwa kawaida hakina skrubu ya nje hata moja, na kubadili betri yake ni kukipasha moto kioo polepole na kukibandua pasipo kukipasua.

Kufuli la nne lawahusu hasa wenye steshenari. Septemba 2016 printa nyingi za HP, kwa sababu ya maelekezo mapya ziliyoyapokea kwa njia ya intaneti, zilianza kuzikataa katriji za wino za kampuni nyingine ambazo jana yake zilifanya kazi bila ya taabu. Mamlaka ya ushindani ya Italia iliitoza HP faini ya euro milioni 10 mwaka 2020, kwa kuwa wanunuzi hawakuelezwa sawasawa vizuizi hivyo. Mwenye kutegemea katriji za bei nafuu na aiulizie jambo hili printa anayoitaka kabla ya kuinunua, na akiisha kuinunua asiruhusu ijibadilishe yenyewe kwa intaneti pasipo kujua mabadiliko hayo ni ya nini.

Kufuli la tano ni la umiliki, nalo humpata zaidi mnunuzi wa kompyuta za mtumba. Kompyuta iliyokuwa ya kampuni au shule ya ng'ambo yaweza kuwa ingali imeandikwa katika daftari la mmiliki wake wa kwanza, na ikaendelea kuonekana nzima mpaka siku itakapofutwa na kuwekwa upya ikiwa imeunganishwa na intaneti. Hapo ndipo hudai jina na nywila za taasisi ambayo mnunuzi wa Kayanga hajapata hata kuisikia. Nyingine zina nywila katika ile programu ya kuwashia, na kwa hiyo hazikubali kuwekewa mfumo mpya. Chromebook nazo zina tarehe iliyopangwa ya kukoma kupokea maboresho, ambayo muuzaji aghalabu haitaji.

Ni haki kueleza pia hoja za watengenezaji, maana hukumu isiyosikia upande wa pili haina insafu. Wao husema kwamba kumbukumbu iliyolehemiwa karibu na kichakataji hula umeme kidogo na huenda kwa kasi, na hilo ni kweli. Kwamba watu wengi hupenda kompyuta nyembamba na nyepesi, na hilo nalo ni kweli. Kwamba betri bandia zimewahi kuwaka moto, na kwamba kufuli la umiliki humnyima mwizi faida ya wizi wake, na hayo hayakanushiki. Lakini hoja ya wembamba na kasi haitoshi kuhalalisha yote. Kampuni ya Framework ya Marekani ilianza mwaka 2021 kuuza kompyuta mpakato nyembamba ambazo mwenye nazo hufungua na kubadili karibu kila sehemu kwa bisibisi iliyomo katika boksi lake, na mwaka 2024 Lenovo wenyewe walitoa kompyuta yenye kumbukumbu ya aina mpya ya LPCAMM2, yenye sifa ya kula umeme kidogo kama ile iliyolehemiwa, ila imefungwa kwa skrubu na inatoka. Na orodha ya kadi za Wi-Fi haiifanyi kompyuta kuwa nyembamba wala nyepesi; faida yake ni kumlazimisha mnunuzi arudi dukani kwa mwenye orodha.

Katika Karagwe na Kyerwa mzigo huu ni mzito kuliko mahali pengi. Kiwanda na wakala wake wenye idhini wako mbali. Kipuri halisi chenye jina la kampuni huagizwa Dar es Salaam, safari ya zaidi ya kilomita 1,300, au hutafutwa Mwanza, au ng'ambo ya mpaka, kwa kuvuka Murongo kwenda Mbarara na Kampala. Fedha nazo huja kwa majira. Nyumba nyingi hungoja kahawa ivunwe, ikaushwe na kulipwa, na mtu anayepata fedha kwa majira ndiye hasa afaidikaye na chombo kinachoongezeka kwa vipande: mwaka huu diski, mwaka ujao RAM, mwaka wa tatu betri. Kumwuzia mtu huyo kompyuta iliyofungwa ni kumtaka alipe yote siku moja, kisha alipe yote tena baada ya miaka michache. Fauka ya hayo, palipo na umeme wa kukatika au wa jua, betri ni nusu ya thamani ya kompyuta mpakato, na betri isiyobadilika huifanya kompyuta nzima iishi umri wa betri.

Wala ujuzi haukosekani kwetu. Speke, msafiri Mwingereza, alipofika Karagwe mwaka 1861 na kupokewa na Mfalme Rumanyika, alifika katika nchi ambayo kazi ya chuma ilikuwa na heshima kubwa, hata hazina ya enzi yake ikawa na sanamu za ng'ombe zilizofuliwa kwa chuma. Na katika miaka ya 1990 shirika la KARADEA lilianzisha hapa Karagwe kituo cha mafunzo ya umeme wa jua, ambapo mafundi wa sehemu mbalimbali za Afrika Mashariki walifundishwa kupima mahitaji ya nyumba, kuchagua paneli, betri na vidhibiti, na kuviunganisha kwa mikono yao. Mtambo wa namna ile ulikuwa wazi: betri ikifa, hununuliwa nyingine, familia ikiongezeka, huongezwa paneli. Baadaye ilikuja mitambo ya kulipia kwa awamu kwa simu, mingi yake ikiwa na viunganishi vya pekee visivyopokea paneli wala taa ya kampuni nyingine. Aliyewahi kuishi na namna zote mbili hahitaji hoja nyingine ya kumshawishi kuhusu kompyuta.

Sasa nije kwa mwenye kutaka kununua. Kwanza, jua jina kamili la kompyuta, na si chapa tu. Latitude, EliteBook au ThinkPad ni jina la ukoo wenye matoleo mengi, na toleo moja laweza kuwa na vitako viwili vya RAM wakati ndugu yake wa mwaka uliofuata hana hata kimoja. Andika namba ya toleo iliyo chini ya kompyuta, kisha utafute katika intaneti kitabu chake cha matengenezo, ambacho Dell, HP na Lenovo hukitoa bure; angalia kama kinaeleza jinsi ya kutoa RAM, diski, betri na kadi ya Wi-Fi. Sehemu ambayo kitabu hakionyeshi namna ya kuitoa, ihesabu kuwa haitoki.

Pili, ikiwa kompyuta inawaka kwa Windows 10 au 11, iulize yenyewe pale pale dukani. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, fungua sehemu inayoonyesha utendaji, kisha uchague kumbukumbu. Utaona ukubwa wa RAM, idadi ya nafasi zake na umbo lake. Likiandikwa SODIMM, RAM hiyo imechomekwa na yaweza kubadilishwa; yakiandikwa maneno "Row of chips", imelehemiwa. Ukaguzi huu huchukua dakika moja, wala hauna sababu ya kumchukiza muuzaji mwaminifu. Kwa kompyuta ya mtumba ongeza ukaguzi wa betri: andika amri powercfg /batteryreport katika dirisha la amri, nayo kompyuta itaandaa taarifa yenye uwezo wa betri ilipotoka kiwandani na uwezo wake wa leo. Iliyobakiwa na nusu yake si ya kuikataa ikiwa betri hutoka kwa skrubu na mbadala hupatikana. Ikiwa ni kinyume cha hayo, iache.

Tatu, ikiwa huna budi kununua iliyolehemiwa, kwa kuwa ndiyo iliyopo au ndiyo uliyoipenda, basi nunua leo uwezo utakaouhitaji miaka mitano ijayo. RAM ya GB 4 iliyolehemiwa usiikubali kwa bei yoyote. GB 8 ni kima cha chini, na GB 16 ndiyo aula. Lakini ikiwa kitako kipo, hapana dhambi kununua GB 8 na kuongeza baadaye.

Nne, kwa kompyuta ya mtumba mtake muuzaji aifute, aiweke upya, na aiunganishe na intaneti mbele yako hata ifike mwisho wa maandalizi, ndipo utoe fedha. Ingia pia katika programu ya kuwashia, kwa kubonyeza F1, F2 au F10 kwa kadiri ya chapa, uhakikishe kwamba haidai nywila. Tena uliza kama inapokea Windows 11, kwa sababu Microsoft ilikoma kuitunza Windows 10 kwa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na kompyuta nyingi zilizo nzima hazina vigezo inavyovidai ile mpya. Hizo zisitupwe: mifumo ya Linux Mint au Ubuntu haigharimu kitu, nayo huzipa kompyuta hizo miaka mingine ya kazi ya kuandika, ya hesabu na ya intaneti.

Tano, jambo hili la karatasi lisidharauliwe. Dai risiti ya EFD, na pembeni yake andikisha namba ya kompyuta, ukubwa wa RAM na diski, na maneno ya ahadi aliyokupa muuzaji, kama vile "RAM yaweza kuongezwa hadi GB 16". Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, humlinda mnunuzi aliyemweleza muuzaji kusudi la ununuzi wake na kuutegemea ujuzi wake. Na Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, iliyounda Tume ya Ushindani, hukataza kumpotosha mlaji. Lakini sheria husaidia aliye na ushahidi, na neno la mdomo lililosemwa siku ya gulio ni vigumu kulithibitisha. Kuhusu stika zisemazo kwamba dhamana hufa kompyuta ikifunguliwa, yafaa ujue kwamba tume ya biashara ya Marekani ilizionya kampuni sita mwaka 2018 juu ya masharti ya namna hiyo, ambayo hayapatani na sheria yao ya mwaka 1975. Ila sheria hiyo haihukumu hapa kwetu, kwa hiyo maadamu dhamana yako ingali hai na yule aliyeitoa anafikika, mpe yeye nafasi ya kwanza, na iishapo muda wake, fungua bila hofu.

Kwa yule ambaye amekwisha kununua iliyofungwa, njia hazikwisha. Mara nyingi RAM imelehemiwa lakini diski inatoka, na kuondoa diski ya kuzunguka na kuweka SSD, yaani diski isiyozunguka, huihuisha kompyuta ya zamani kuliko matengenezo mengine yote. Vumbi la barabara zetu huziba feni. Mpelekee fundi aisafishe na kubadili mafuta ya kupitishia joto, maana kompyuta yenye joto hujipunguzia kasi yenyewe. Kama ina mpangilio wa kusimamisha kuchaji kwenye asilimia 80, utumie, kwani betri isiyobadilika hutunzwa kama jino. Na kama hifadhi yake ya kudumu imelehemiwa, shika wasia huu kuliko yote: bodi ikifa, nyaraka zake huenda nayo, kwa kuwa hakuna diski ya kuchomolewa na kusomwa katika kompyuta nyingine. Basi daftari la kilo za kahawa, alama za wanafunzi na picha za wazee zinakiliwe kila wiki katika diski ya nje, nayo ihifadhiwe nyumba nyingine.

Vyama vya msingi, shule, zahanati, makanisa na misikiti vina nguvu ambayo mtu mmoja hana, nayo ni nguvu ya kununua kwa maandishi. Kamati ya manunuzi ikitaja chapa na bei tu, hupewa chochote. Ikiandika kwamba kompyuta itakayokubaliwa ni ile yenye RAM na SSD za kuchomekwa, betri inayotoka kwa skrubu, kitabu cha matengenezo kilicho wazi, na isiyokuwa na kizuizi juu ya vipuri vya kampuni nyingine, muuzaji hatakuwa na la kufanya ila kutii au kuacha. Ni hekima pia kununua kompyuta za toleo moja: shule yenye kumi zinazofanana, moja ikifa, hupata vioo, vibodi vya herufi, RAM na chaja za kuziponya tisa zilizobaki, ilhali yenye kumi za matoleo kumi haipati hata skrubu.

Mafundi wetu nao wana wajibu. Fundi na amweleze mteja kabla ya kufungua kama kipuri ni halisi au ni mbadala, na kama kompyuta hiyo ni miongoni mwa zile zinazokataa mbadala. Akiri kazi iliyo nje ya vyombo vyake. Akusanye bodi zilizokufa, kwa kuwa ndizo ghala la vipuri. Na apakue vitabu vya matengenezo siku anapopata intaneti nzuri, avifundishie vijana. Sheria mpya za ng'ambo zamfaa hata yeye pasipo kujua: California, tangu Julai 2024, huwalazimisha watengenezaji kutoa vipuri, vyombo na maelekezo ya matengenezo hata kwa mafundi wasio wao, na jimbo la Oregon lilipitisha mwaka huo huo sheria ya kuzuia kipuri kukataliwa kwa sababu tu hakikuoanishwa na kiwanda. Maelekezo yakiisha kuchapishwa kwa ajili ya fundi wa California, yule wa Isingiro huyasoma vile vile.

Wako watakaosema kwamba wilaya mbili za mpakani haziwezi kubadili mwenendo wa kampuni zinazouza duniani kote. Nawakumbusha kwamba mwaka 1987 IBM yenyewe, iliyofungua njia ya uwazi, ilijaribu kuifunga kwa kompyuta za PS/2, ambazo mfumo wake wa kadi haukuweza kuundwa na wengine bila ya leseni na malipo. Mwaka uliofuata kampuni tisa zikiongozwa na Compaq zikatangaza mfumo mbadala, wanunuzi wengi wakabaki na kompyuta zilizopokea kadi zao za zamani, na mfumo wa IBM ukafifia hadi ukatoweka. Kampuni kubwa kuliko zote katika biashara hiyo ilishindwa kwa sababu wanunuzi hawakulazimika kumfuata aliyewafungia mlango. Muuzaji wa Kayanga huagiza kile anachoulizwa. Akiulizwa na mmoja atasahau, akiulizwa na kila mteja atamwuliza aliyemuuzia Kariakoo, na huyo naye atamwuliza wa juu yake. Kwa hiyo msimu huu wa kahawa, mtu asitoe fedha kabla ya kujibiwa kwa maneno dhahiri na kwa maandishi kama RAM yatoka, diski yatoka, betri yatoka, na kipuri cha kampuni nyingine chakubaliwa. Na muuzaji asiyeweza kujibu, au asiyetaka, na aachiwe mali yake.